Matangazo ya Pombe: Anayelengwa na Anayefikiwa

Julai 30, 2025, Waziri wa Usalama wa Ndani Kipchumba Murkomen alizindua sera mpya ya taifa ya kuzuia na kudhibiti pombe na dawa za kulevya. Pendekezo moja lilimeza mengine yote: umri wa kuruhusiwa kununua pombe upande kutoka miaka 18 hadi 21. Redioni na kwenye matatu, Wakenya walibishana iwapo mtu anayeruhusiwa kupiga kura na kujiunga na jeshi anaweza kunyimwa chupa ya bia. Huku wakibishana, pendekezo jingine la sera hiyohiyo halikupata watu wengi wa kulijadili. Lilitaka wanamichezo, wasanii na watu wenye ushawishi mitandaoni wasitumiwe tena kuinadi pombe.

Pendekezo hilo lina uzito mkubwa kuliko liliopewa, na mahali pazuri pa kulipima ni mbali na Nairobi. Nyacheki ni kituo cha biashara katika eneobunge la Bobasi, Kaunti ya Kisii, upande unaoelekea Trans Mara. Hapa hoja ya kudhibiti matangazo hukutana na kikwazo chake kigumu kabisa. Pombe inayolalamikiwa zaidi katika mabaraza ya machifu wa eneo hili la Gusii ni chang'aa, na chang'aa haina lebo, haina bango, wala haijawahi kulipia tangazo. Sukari nguru inayosagwa katika viwanda vidogo vya Gucha na Trans Mara huishia mara nyingi katika mapipa ya wagemaji, na wateja hujijia wenyewe. Basi kijana wa hapa atalindwaje kwa kuzuia tangazo la kinywaji asichoweza hata kukimudu?

Jibu linategemea tunavyoelewa kazi ya tangazo, na linategemea zaidi swali ambalo sheria yetu inauliza. Kwa sasa sheria inauliza tangazo limemlenga nani. Swali lenye manufaa ni limemfikia nani.

Kile ambacho sheria inakataza

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 wengi wanaijua kwa jina la John Mututho, mbunge wa Naivasha wakati huo aliyeipigania bungeni. Ilihalalisha chang'aa iliyotengenezwa na kupakiwa kwa viwango, ikafuta marufuku ya mwaka 1980. Ilifunga baa hadi saa 11 jioni siku za kazi na saa 8 mchana wikendi na sikukuu, na kutaka zifungwe tena saa 5 usiku. Ilipiga marufuku kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18, ikazuia leseni kwa biashara iliyo ndani ya mita 300 kutoka shule, na ikalazimisha maonyo ya kiafya kwenye chupa.

Kuhusu matangazo, sheria hiyo inakataza udanganyifu. Inakataza pia kuinadi pombe katika hafla za watoto na vijana walio chini ya miaka 18, au kwa kutumia vitu vinavyohusishwa nao. Kanuni za utangazaji za Mamlaka ya Mawasiliano nazo zinautenga muda kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku kuwa wa kuwalinda watoto dhidi ya vipindi na matangazo ya watu wazima.

Ukiisoma kwa haraka, utadhani ulinzi umekamilika. Lakini kiini cha vifungu hivyo ni nia ya mtangazaji. Kampuni haitafanya tamasha la pombe katika uwanja wa shule ya msingi, wala haitatumia katuni kuuza bia, na hakuna anayetarajia ifanye hivyo. Inatengeneza tangazo la mtu wa miaka 22: amevaa vizuri, ana marafiki, muziki ni wa kisasa, pesa ipo na usiku haujaisha. Kwa kijana wa miaka 15, mtu huyo wa miaka 22 ndiye anayetamani kuwa. Tangazo lisilomlenga linamfikia vizuri kuliko lile ambalo lingetengenezwa kwa ajili yake, kwa sababu hakuna kijana anayetaka kusemezwa kama mtoto.

Njia linazopitia

Tangazo hufika Nyacheki kwa njia nne, na kila moja sheria inaishughulikia tofauti.

Ya kwanza ni ukuta. Katika vituo vingi vya biashara vya Gusii, baa na maduka ya pombe hupakwa rangi za kinywaji fulani, jina la kampuni likawa kubwa kuliko jina la mwenye biashara. Mwenye baa hupata rangi ya bure na kampuni hupata bango lisilolipiwa kila mwezi. Mwanafunzi anayekatiza sokoni asubuhi na jioni huliona kila siku ya muhula, hata baa ikiwa imefungwa kwa mujibu wa sheria ya saa.

Ya pili ni redio na televisheni. Hapa saa za ulinzi zina maana, kwa kuwa kuna mhariri wa kuulizwa na leseni ya kunyang'anywa. Redio za Ekegusii kama Egesa FM husikika kutwa katika vinyozi, jikoni na kwenye bodaboda. Kanuni ikifuatwa, mtoto anakuwa na nafuu ya kweli. Kasoro ni kwamba saa zinabana tangazo lililonunuliwa, lakini si rahisi kubana utani wa mtangazaji au wimbo unaotaja chapa ya pombe kwenye kibwagizo.

Ya tatu ni michezo na burudani. Shabana FC iliporejea Ligi Kuu mwaka 2023, Wagusii walifurika Uwanja wa Gusii mjini Kisii, watoto kwa wazee. Mmoja wa wageni wake katika ligi hiyo ni Tusker FC, klabu iliyokuwa ikiitwa Kenya Breweries. Hapo hakuna tangazo la kuzimwa, kwa sababu jina la timu ndilo jina la bia, na mtangazaji wa mpira atalitaja mara mia kabla ya kipenga cha mwisho. Hakuna kosa linalotendeka. Hali ilikuwa hivyohivyo kwa shindano la muziki la Tusker Project Fame, lililoanza mwaka 2006 na kuwakusanya wazazi na watoto mbele ya televisheni moja. Kabla yake, Guinness ilikuwa na Michael Power, shujaa wa matangazo aliyeshinda majambazi kwa akili na misuli, hata akapewa filamu nzima, *Critical Assignment*, mwaka 2003. Vijana waliomtazama Power wakati huo ndio wazazi wa leo. Wengi hawakumbuki alisema nini kuhusu bia. Wanakumbuka alivyokuwa.

Ya nne ni simu, na hii ndiyo imevuruga hesabu zote. Mchekeshaji mwenye wafuasi laki kadhaa hushika chupa kwenye video ya sekunde 30, hasemi kwamba amelipwa, wala video yake haina saa ya kulala. Mtoto anayetumia simu ya mama kufanya kazi ya shule anaweza kukutana nayo saa 3 asubuhi. Kanuni za saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku ziliandikwa kwa ajili ya chombo kimoja sebuleni. Hapa ndipo pendekezo la mwaka 2025 la kuwaondoa watu mashuhuri linapata maana yake.

Ushahidi una nguvu wapi, na una udhaifu wapi

Madhara yenyewe hayana utata. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019, na kwamba sehemu kubwa zaidi ya vifo ikilinganishwa na rika nyingine ilikuwa kati ya watu wa miaka 20 hadi 39: asilimia 13 ya vifo vyote vya rika hilo. Hao ndio wanaotegemewa kulima, kuendesha bodaboda na kulea. Nchini Kenya, utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, uligundua kuwa mtu 1 kati ya 8 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia pombe, na kwamba umri mdogo kabisa wa kuonja uliotajwa ulikuwa miaka 7. Utafiti mashuhuri wa Marekani wa mwaka 1997 ulionyesha kuwa walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na uwezekano wa mara nne zaidi wa kuwa watumwa wa pombe kuliko walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi. Kwa hiyo kuchelewesha mwanzo ni faida yenyewe, hata kama mtu atakunywa baadaye.

Je, matangazo huharakisha mwanzo huo? Mapitio ya mwaka 2009 yalikusanya tafiti 13 zilizowafuatilia vijana zaidi ya 38,000 kwa muda. Yalihitimisha kwamba kadiri kijana alivyokutana zaidi na matangazo ya pombe, ndivyo uwezekano wa kuanza kunywa ulivyoongezeka, na kama alikwisha kuanza, ndivyo alivyozidisha.

Upande wa pili una haki ya kusikilizwa. Mwaka 2014, mapitio ya mtandao wa Cochrane, yanayoheshimiwa kwa ukali wa vigezo vyake, yaliuliza swali tofauti: nchi ikipiga marufuku matangazo, je, watu hunywa kidogo? Yakajibu kuwa tafiti zilizopo ni chache na dhaifu mno kuthibitisha au kukanusha. Kampuni za pombe hupenda kunukuu nusu ya jibu hilo.

Matokeo hayo mawili hayapingani. Kiasi cha pombe kinachonywewa na taifa kwa jumla huamuliwa hasa na watu ambao tayari wanakunywa, na mlevi wa miaka 45 haongozwi na bango. Huongozwa na bei na ukaribu. Kenya ilishuhudia hilo mwaka 2013 serikali ilipoitoza Senator Keg ushuru. Bia hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 2004 ili kuwavuta maskini kutoka kwa pombe haramu. Mauzo yake yaliporomoka, na wanywaji wengi wakarudi kwenye pombe ya vichochoroni. Tangazo hufanya kazi yake kwa asiyeanza, na matunda yake huonekana baada ya miaka, wakati wapimaji wamekwisha kuandika ripoti. Anayetaka kuona marufuku ikipunguza mauzo ya Jumamosi ijayo atakata tamaa.

Na chang'aa je?

Hapa ndipo wapinzani wanaposimama imara. Tafiti zilizofadhiliwa na tasnia ya pombe zinadai takriban asilimia 60 ya pombe inayouzwa Kenya ni haramu. Wanasema ukimziba mdomo muuzaji halali, unamwachia uwanja mgemaji asiyelipa kodi wala kupimwa.

Hoja hiyo ina ukweli na ina pengo. Ukweli ni kwamba marufuku ya matangazo pekee haitaigusa nyumba ya mgemaji. Pengo ni kudhani kwamba masoko hayo mawili hayajuani. Kijadi, pombe ya wimbi kwa Wagusii ilinywewa na wazee kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, na kijana hakuwa na nafasi kwenye duara hilo. Utaratibu huo umevunjika kwa sababu nyingi, kuanzia pesa za mshahara hadi msongamano wa ardhi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 950 kwa kila kilomita mraba. Kijana asiye na shamba la kurithi hukaa sokoni, na sokoni ndiko ukuta uliopakwa rangi humwambia kila siku kwamba kunywa ndiyo alama ya mwanamume aliyefanikiwa. Mfuko wake hautoshi kwa chupa ya tangazo. Unatosha kwa glasi ya chang'aa. Kampuni imemuuzia hamu, mgemaji akamuuzia kinywaji.

Kuna kiungo kingine kinachoua moja kwa moja. Mghushi wa pombe kali huiba sifa ya lebo. Hujaza ethanoli, na wakati mwingine methanoli, katika chupa yenye jina linalofahamika, akijua mteja ataliamini jina. Februari 2024 watu wapatao 17 walifariki katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, baada ya kunywa pombe yenye sumu, na mwezi uliofuata serikali ikasimamisha leseni za watengenezaji wa pombe kali za bei nafuu. Kila mkasa wa aina hii hufuatwa na misako. Misako huisha, na hamu hubaki.

Hoja nyingine za upinzani ni nyepesi kidogo. Ajira na kodi ni kweli, lakini zinatokana na mauzo kwa watu wazima, ambao hakuna anayewazuia kununua. Wakulima wa mtama wanaouzia kiwanda cha Kisumu hawapotezi soko kwa sababu mchekeshaji hakushika chupa. Uhuru wa kujieleza upo katika Katiba, lakini kifungu cha 46 cha Katiba hiyohiyo kinaliagiza Bunge kutunga sheria ya matangazo yenye haki, ukweli na staha. Anayeumia kweli ni chombo cha habari na klabu ya michezo, na hapo lazima tukubali kwamba hasara itakuwepo na itafidiwa polepole.

Waliotangulia

Kenya yenyewe imewahi kufanya jambo lililosemwa haliwezekani. Wenye umri wa miaka 40 wanakumbuka mabango ya sigara za Sportsman yenye farasi kando ya kila barabara kuu. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 iliyaondoa yote pamoja na ufadhili wa michezo. Kampuni ya sigara ya BAT ilipambana na kanuni zake hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 2019. Ligi hazikufa na magazeti hayakufungwa. Mtoto wa leo wa Nyacheki amekua bila kuona bango hata moja la sigara, na haoni ajabu. Aprili 2025, bodi ya kamari nayo ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30 kwa tangazo moja la serikali. Nia ikiwepo, njia ipo.

Ufaransa, nchi ya mvinyo, ilipitisha sheria ya Évin mwaka 1991. Iliondoa pombe kwenye televisheni, sinema na ufadhili wa michezo, na katika maeneo yaliyobaki ikaruhusu taarifa tu: kinywaji kinatoka wapi, kimetengenezwaje, kina nguvu gani. Hakuna wacheza dansi wala ufukwe. Sheria hiyo haiulizi tangazo limelenga rika gani. Inaondoa tamaa na kubakiza habari. Udhaifu wake ulikuja mwaka 2009, intaneti iliporuhusiwa. Norway ilipiga marufuku matangazo tangu mwaka 1975, na Lithuania ikafuata mwaka 2018. Afrika Kusini kwa upande wake iliandika mswada mwaka 2013, ukabaki kwenye makabati hadi leo.

Majirani walianza na ufungashaji. Tanzania ilipiga marufuku viroba vya pombe Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Pakiti ndogo ilikuwa rahisi kufichwa kwenye mfuko wa sare ya shule, na bei yake ilimfaa mwanafunzi. Nchi hizo zilijiuliza kinywaji kinamfikia nani, zikapata jibu bila kubishana kuhusu nia ya kiwanda.

Nyacheki haihitaji kusubiri Nairobi

Sera ya mwaka 2025 bado si sheria. Itahitaji mswada, na mswada utakutana na watetezi wa tasnia kwenye korido za Bunge. Hata hivyo Jedwali la Nne la Katiba limekwisha kuwapa magavana na mabunge ya kaunti mamlaka mawili ambayo ni nadra kuyaunganisha: utoaji wa leseni za pombe, na udhibiti wa matangazo ya nje. Kaunti ya Kisii inaweza kuyaunganisha mwaka huu.

Inaweza kuweka sharti kwamba baa au duka la pombe linaloomba leseni lisipakwe rangi wala nembo ya kinywaji upande unaoonekana kutoka barabarani. Mita 300 zinazohusu leseni zinaweza kutumika pia kwa mabango. Gusii ina shule karibu kila kona, na ukichora duara la mita 300 kuzizunguka, utakuwa umefunika sehemu kubwa ya vituo vya biashara. Ugumu huo ndio faida ya kanuni hii. Misafara ya promosheni yenye spika na fulana za bure inaweza kunyimwa kibali siku za soko na wakati wa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, watoto wanapokuwa nyumbani na sherehe za jando zikiendelea. Hakuna hatua kati ya hizi inayomzuia mtu mzima kununua bia yake saa 11 jioni.

Simu itabaki mikononi mwa serikali kuu, na huko kanuni moja inatosha kuanza: atakayelipwa kuinadi pombe mtandaoni aseme amelipwa, na kampuni iliyomlipa iwajibike kwa kila mtoto aliyefikiwa, si kwa wale tu iliyodai kuwalenga. Mitandao huhesabu watazamaji kwa umri pale inapouza matangazo. Takwimu inazotumia kupanga bei zinaweza kutumika kupanga faini.

Bei, misako dhidi ya wagemaji na ushauri nasaha vitaendelea kuhitajika, kwa sababu tangazo ni sababu moja tu kati ya nyingi. Lakini ni sababu ambayo kuiondoa hakugharimu hazina chochote zaidi ya ada ya mabango. Madiwani wa Kisii watakapopitisha bajeti ijayo, wataona ada hiyo kwenye jedwali la mapato. Kiasi hicho ndicho bei halisi ya mjadala huu kwa kaunti, na wananchi wana haki ya kukijua kabla madiwani hawajaamua kama kinafaa kuachwa.